Bumu Likitoka, Tunapanda Lushoto

Miaka mitatu niliyosoma Morogoro, waliolijua jina langu kamili hawakuzidi watano. Waliobaki waliniita Mkenya. "Mkenya, umekula?" "Mkenya, notisi za jana ziko wapi?" Aliyelala kitanda cha juu yangu alitoka Bujumbura, naye akawa Burundi tu, hata mlango wetu wa hosteli ukawa unagongwa kama ofisi ya Jumuiya ya Afrika Mashariki. Wa tatu wetu alikuwa Msambaa wa milimani, kijana mwembamba asiye na maneno mengi, ambaye kila tulipolalamikia joto alitoa jibu lilelile: "Kwetu saa hizi watu wamevaa makoti."

Tulimwona mwongo. Morogoro mwezi wa Januari shuka linakuwa mzigo, halafu mtu anakwambia kuna mahali, mkoa wa Tanga, huohuo wa nazi na bahari, watu wanaota moto jioni. Tukaapa kwamba bumu likitoka tutakwenda kuyaona hayo makoti.

Bumu, kwa asiyesoma Tanzania, ni ile fedha ya kujikimu ya mkopo wa serikali. Ikishaingia benki chuo kizima kinabadilika sura kwa siku nne: kwa muuza chipsi kuna foleni, madeni ya sabuni yanalipwa, na watu waliokuwa wagonjwa wa tumbo wanapona. Mimi na Burundi hatukuwa na bumu, sisi ni watu wa nje. Bumu langu lilikuwa mama yangu, muuza mboga wa Wundanyi, na lilitoka kwa M-Pesa pale kabichi zilipouzika Mombasa. Kwa hiyo kalenda ya matembezi yetu ilifuata mambo mawili, Bodi ya Mikopo na soko la Kongowea.

Matembezi yenyewe hayakuwa haba. Jumamosi tulipanda Morningside, nyumba kuukuu ya Wajerumani ubavuni mwa Uluguru, tukala mihogo na kushuka jioni. Dar tulikwenda mara mbili kuona bahari. Tembo wa Mikumi tuliwaona bila kulipa hata senti, maana barabara ya Iringa inakatiza katikati ya hifadhi na tembo hawana desturi ya kujificha. Lakini nikiulizwa leo nilisomea wapi, moyoni nafikiria kwanza zile siku tano za Lushoto, ndipo nakumbuka kusema Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo.

Tulisomea misitu, na hilo lina maana katika hadithi hii. Darasani palikuwa na ramani ya Milima ya Tao la Mashariki, ule mnyororo wa milima ya kale unaobeba misitu isiyofanana na mingine: Udzungwa, Uluguru, Nguu, Usambara, Pare. Mwalimu alitufundisha kwamba mnyororo huo unaanzia Taita, Kenya. Ila ramani ilikuwa ya Tanzania, na Tanzania inaishia mpakani, kwa hiyo kichwa cha mnyororo kilikuwa kimekatwa. Mimi natoka kwenye hicho kichwa. Kwa mihula miwili nilikaa naitazama karatasi nyeupe mahali ambapo pangekuwa na nyumba yetu.

*

Kutoka Morogoro unapita Chalinze, unapinda kushoto, unasinzia, unaamka Segera, unasinzia tena, na Korogwe inapokwisha milima inakuwa imesimama mkono wa kulia kama ukuta wa ua. Mombo ndipo pa kushukia. Reli ya kutoka Tanga ilifika hapa mwaka 1905, na nadhani tangu siku ile kazi ya Mombo ni kusubirisha watu. Joto ni la kukaanga karanga. Wachuuzi wanakimbilia madirisha ya mabasi na vikapu vya mapeasi na plamu, matunda yasiyo na uhusiano wowote na jua lile, na ndipo nilipoanza kumwamini Msambaa kidogo. Tunda kama lile halioti mahali pasipo na koti.

Tukahamia Coaster ya kupanda juu. Kutoka Mombo hadi Lushoto ni kilomita 33 na katika hizo unapanda kama mita elfu moja. Barabara imechongwa kwenye bonde jembamba, upande mmoja jabali, upande wa pili kijito kinachopiga kelele chini kwenye migomba. Ina lami nzuri, tatizo ni kwamba haikunyooka hata mara moja. Burundi, ambaye wiki nzima alikuwa akitutambia kwamba kwao milima ni sakafu ya nyumba, alinyamaza kona ya nne. Kona ya saba akaomba mfuko. Abiria wakatazamana. Tanzania mifuko ya plastiki imepigwa marufuku tangu Juni 2019, Kenya tulitangulia 2017, na sheria zote mbili nazisifu, ila hazikumfikiria mtu anayepanda Soni kwa mara ya kwanza. Ilitumika kofia yangu.

Mama mmoja aliyekaa nyuma akampa limau alinuse. "Pole baba," akasema, "milima hii humpima mgeni, kisha humpenda."

Soni ni pale maporomoko ya maji yanapoonekana kutoka barabarani, na hapo hewa inabadilika. Sisemi kwa kupamba: kwenye kona fulani dirisha lililokuwa likitupulizia pumzi ya tanuri likaanza kuleta harufu ya moshi wa mkaratusi na udongo uliolowa. Masikio yakaziba, yakazibuka. Watu wakaanza kutoa sweta kwenye mabegi kwa utulivu, bila kuangaliana, kama waumini wanaovua viatu mlangoni pa msikiti. Kondakta alikuwa amevaa koti. Msambaa alituangalia sote wawili, mmoja baada ya mwingine, wala hakusema kitu.

*

Lushoto mjini ni mtaa mmoja mkuu na soko, umelala kwenye kikombe cha milima, na ukisimama katikati huoni mahali mji unapoweza kukimbilia. Wajerumani waliuita Wilhelmstal, bonde la Wilhelm, kwa heshima ya mfalme wao, na maofisa walipanda huku kulikimbia joto la pwani. Paa kadhaa zenye mteremko mkali zimebaki, na miti mikubwa ya kigeni kandokando ya barabara. Waliochangamsha mtaa jioni ile walikuwa wanafunzi wenzetu, wa Chuo cha Uongozi wa Mahakama, wamevaa mashati meupe na suti nyeusi, wanabishana mambo ya rufaa huku wakitafuna mahindi ya kuchoma. Burundi alisema ni mji pekee aliowahi kuona ambapo ukiibiwa simu utapata mawakili kumi kabla hujampata polisi.

Kwa mama ntilie nikafanya kosa nililolifanya mwaka mzima wa kwanza. "Nipe chai," nikasema. Kimya. Mama akaendelea kupanga vikombe. Msambaa akaninong'oneza, nami nikajirekebisha: "Samahani mama, naomba chai." Ikaja papo hapo, ya maziwa, ya tangawizi, na kitumbua ambacho sikukiomba. Kwetu Kenya "nipe" haina ubaya. Kwao inasikika kama unadai.

Nyumba ya kulala wageni tuliyoichagua sitaitaja. Tuliichagua kwa bei, nayo ikatupa tulichokilipia: chumba kimoja, vitanda viwili, blanketi moja, na bomba lenye maandishi ya "moto" ambalo lilikuwa la kutunza kumbukumbu tu. Ilikuwa Julai. Nililala na suruali mbili, soksi, na begi juu ya miguu. Msambaa alilala na mguu mmoja nje ya shuka.

Kwa kuwa usingizi haukuja, akatusimulia habari za Mbegha. Alikuwa mwindaji wa Nguu, aliyeota meno ya juu kabla ya ya chini, na mtoto wa namna hiyo, kigego, alihesabiwa kuwa mkosi. Ndugu walipomtenga katika mambo ya urithi, akaondoka na mbwa na mikuki yake, akawa anaua nguruwe walioharibu mashamba na kuwagawia watu nyama, mpaka akafika kwa Wasambaa. Huko akaua simba, na watu wakamfanya mfalme. Ukoo wake ndio Wakilindi, waliotawala milima hii kutoka Vugha, na mfalme huitwa Simba Mwene. Kitabu cha habari hizo, Habari za Wakilindi, kiliandikwa kwa Kiswahili na Abdallah bin Hemedi, mtu aliyewahi kuwatumikia watawala hao, zamani ambapo vitabu vya historia vilivyoandikwa na wenyeji kwa Kiswahili vilikuwa vya kuhesabika.

"Kwa hiyo," Burundi akasema gizani, meno yakigongana, "mfalme wenu wa kwanza alikuwa mwindaji asiye na kibali. Leo sisi ndio tungemkamata."

Msambaa akafikiri. "Mngemkamata," akasema. "Ila nyama mngekula."

*

Asubuhi tukatembea hadi Irente kwa miguu, kupita Yoghoi, mwendo wa saa moja na nusu kwa watu wanaosimama kila mara kununua kitu. Usambara haina sehemu iliyo tupu. Njia inapita kati ya uwanja wa nyumba na shamba la maharage, juu ya paa la jirani wa chini na chini ya zizi la jirani wa juu, na kila mtu anasalimia. "Onga maundo," unaambiwa asubuhi, nawe unajibu "niwedi". Bibi mmoja niliyemsaidia kunyanyua mzigo wa kuni akaniambia "hongea", nikadhani ananipongeza. Ni asante. Kwetu Taita tunasema "chawucha", nikamwambia, akalirudia mara mbili akicheka, kama mtu anayeonja tunda la kigeni na kugundua si baya.

Kisha ardhi inaisha. Hakuna namna nyingine ya kuieleza Irente. Unatembea kwenye majani, mbele kuna mwamba, na baada ya mwamba kuna hewa. Mita kama elfu moja chini ni Mazinde na mashamba ya mkonge yaliyopangwa kwa mistari kama daftari la hesabu, na barabara ya Arusha yenye malori madogo kama siafu, na baada ya hapo nyika inakwenda mpaka macho yanachoka. Tulilala kifudifudi ukingoni, vichwa nje, kama watoto. Upepo ulikuwa unapanda kutoka chini, wa moto. Uso ulikuwa Mombo na visigino viko Lushoto.

Mkonge ule tulikuwa tumeufanyia mtihani. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza vitoto vya mkonge elfu moja kutoka Marekani, na waliofika hai pwani ya Tanga walikuwa 62. Kutokana na hao 62 yakatoka mashamba yaliyoifanya Tanganyika iongoze dunia kwa mkonge. Darasani niliikariri takwimu hiyo nikaisahau. Pale juu, nikiitazama mistari ile ikipotea kwenye vumbi, nikaiona idadi: 62, wachache kuliko wanafunzi wa darasa letu.

Tulirudi kupitia shamba la Kanisa la Kilutheri la hapo Irente, ambako wanauza jibini na mkate mweusi mzito. Burundi alikula jibini akasema inanuka. Akaongeza kipande.

Siku ya pili ilikuwa ya msitu wa Magamba. Hapa naomba radhi ya msomaji, kwa sababu watu wa misitu tukiingia msituni hatuna adabu ya mtembezi: tunapiga mashina makofi, tunaangalia juu, tunabishana majina. Kuna mkulo, mti wa kafuri wa huku, ambao jina lake la kisayansi, Ocotea usambarensis, limebeba jina la milima yenyewe. Ukivunja jani na kulinusa unapata kitu kati ya dawa ya kikohozi na sanduku la bibi. Kuna mbega weusi wenye mabega meupe wakiruka kwa kishindo. Kuna ukungu usiosimama mahali, unapita kati ya miti kana kwamba umetumwa.

Kitu kilichotushika zaidi kilikuwa na urefu wa kiganja. Mvulana mwenye fimbo, aliyekuwa anachunga mbuzi ukingoni mwa msitu, alituuliza kama tunataka kuona kinyonga. Burundi akarudi nyuma hatua tatu. Kwao na kwetu pia, kinyonga si mnyama wa kuchezewa. Mvulana akatuonyesha kichaka cha kawaida kabisa. Hatukuona kitu. Akaonyesha tena kwa ncha ya fimbo, na jani moja likafungua jicho. Kwenye pua lilikuwa na pembe mbili fupi zilizotandazwa kama makasia. Likanyanyua mguu, likausimamisha hewani, likatikisika mbele na nyuma kama mzee anayesita kuvuka barabara, kisha likauweka mguu mahali palepale. Jicho moja lilimwangalia Burundi, la pili lilikuwa na shughuli zake. Mwaka 2006 wataalamu walipowaweka vinyonga wa milima hii na jirani zake katika kundi la peke yao, waliliita kundi hilo Kinyongia. Hebu fikiria: Kilatini kimekwenda kuazima kwa watoto wa kuchunga mbuzi.

*

Basi la Mtae liliondoka mchana, limejaa mpaka mlangoni, na kwenye paa kulikuwa na godoro, baiskeli na mlango wa mbao. Mtae ni kama kilomita 60 kaskazini, mwisho kabisa wa milima, na ndiko alikoishi bibi yake Msambaa. Njiani kuna kijiji kinaitwa Malindi. Nilipolisikia jina hilo nikasimama. "Umefika kwenu, Mkenya, shuka," Burundi akasema, na basi zima likaangua kicheko.

Lukozi tulisimama muda mrefu kupakia. Hapa ndipo nilipouelewa uchumi wa milima hii bila kuhudhuria kipindi. Viazi, karoti, kabichi na pilipili hoho vilikuwa vimerundikwa barabarani vikisubiri malori ya Dar es Salaam, na magunia ya viazi yalikuwa na vichwa: yamejazwa mpaka mdomoni, kisha yakaongezewa nusu gunia juu na kushonewa wavu wa kamba. Wanaita lumbesa. Mkulima analipwa kwa gunia, si kwa kilo, kwa hiyo kile kichwa ni cha mnunuzi. Serikali imekikataza mara nyingi. Kipo.

Nilisimama pale nikanusa kabichi zilizokatwa alfajiri na nikajua ninachokiona. Wundanyi ni hivihivi. Mlima wa baridi, mashamba ya ngazi, akina mama wenye karo za watoto migongoni, na lori linaloshuka usiku kwenda kulisha mji wa joto ulio pwani. Wao Dar, sisi Mombasa. Hata kona za kushuka Voi zinafanana na hizi za Soni, na sisi pia tuna wageni wanaotapika.

Mzee aliyekaa karibu nami, aliposikia tunasomea misitu, akatuuliza kama na sisi tutakuja kuwalazimisha matuta. Nikacheka, yeye hakucheka. Baada ya Vita vya Pili Waingereza walianzisha mpango wa kuhifadhi udongo, ulioanzia Mlalo mwaka 1946 na kuenea Usambara. Kila kaya ilitakiwa ichimbe matuta kwenye miteremko yake, na asiyechimba alitozwa faini. Udongo ulikuwa unakwenda kweli, hilo hakuna anayelibisha. Lakini mashamba yalikuwa madogo, kazi ilikuwa ya kuvunja mgongo, na mwenye shamba hakuulizwa. Watu wakakataa, chuki ile ikawapeleka wengi TANU, na mpango ukaachwa kabla ya Uhuru. "Baba yangu alifungwa kwa ajili ya tuta," mzee akasema, kisha akanyoosha mkono dirishani: mlima mzima ulikuwa umechongwa ngazi, nadhifu, zenye majani ya kulishia ng'ombe kwenye kingo. "Hizo tumechimba wenyewe."

Nimesoma vitabu vinene vya uhifadhi wa udongo. Sijakutana na ukurasa uliosema mengi kuliko mkono ule.

*

Mtae imejengwa juu ya mgongo wa mlima, na mgongo wenyewe ni mwembamba kiasi kwamba nyumba zimepanga mstari mmoja kama ndege juu ya waya. Tulifika giza limeingia, hatukuona kitu, tuliusikia upepo tu ukitoka pande zote mbili. Bibi alitutokea mlangoni na kibatari.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba wajukuu zangu. Mmenikuta na baridi, hamkunikuta na njaa."

Tulikaa jikoni, mawe matatu katikati, moshi ukitutoa machozi, tukala bada, ugali wa muhogo, na mboga ya maharage mabichi. Alitaka kujua kila mtu ni wa wapi. Bujumbura hakuijua, ila alimwambia Burundi ana mikono ya mkulima, sifa ambayo aliitembeza chuoni hadi tulipohitimu. Nilipotaja Taita akaacha kukoroga.

"Taita ya huku?" Akaelekeza mwiko ukutani, upande wa kaskazini.

"Ya huko, bibi."

"Basi wewe si mgeni. Wewe ni wa ng'ambo ya nyika tu." Akasema utotoni mwake wazee walikuwa wakihadithia watu waliovuka ile nyika kwa miguu, siku za njaa, kutafuta chakula upande wa pili. Wakati mwingine wa huko walikuja huku, wakati mwingine wa huku walikwenda huko. Kisha akaniongezea bada bila kuniuliza, kama mtu anayelipa deni la zamani.

Saa kumi na moja na nusu alfajiri Msambaa akatuamsha. Kibarazani palikuwa na kopo la rangi lililotobolewa chini, na ndani yake mmea mdogo wenye majani ya manyoya laini na maua ya urujuani, matano, kila moja likiwa na kitone cha njano katikati. Ua hilo nililijua kutoka kwenye kitabu. Wajerumani hadi leo wanaliita urujuani wa Usambara. Baron Walter von Saint Paul-Illaire, aliyekuwa ofisa wa Tanga, alilipeleka kwao, na mwaka 1893 likapewa jina la ukoo wake, Saintpaulia. Sasa liko kwenye madirisha ya jikoni kutoka Oslo hadi Chicago. Lina ndugu yake Mbololo, juu ya Voi, asiyeota porini kwingine kokote duniani. Mbololo naiona kutoka shule niliyosoma. Ilinibidi nivuke mpaka na kulipa ada ya watu wa nje ndipo nijue kwamba hilo ua lipo.

Bibi alipoulizwa analiitaje alisema, "Ua." Alilitoa porini zamani, likampendeza.

Tukasogea ukingoni. Chini yetu palikuwa na wingu, jeupe, limelala juu ya Mkomazi kama maziwa kwenye bakuli, na vilima vya nyikani vimetoa vichwa tu. Jua lilipopanda wingu likaanza kuchanika. Kwanza tukaona vumbi jekundu, kisha mto mkavu, kisha nyika yote mpaka Tsavo, isiyo na mstari wala uzio wa kuonyesha Tanzania inaishia wapi. Kushoto, mbali mno, Kilimanjaro ilikaa juu ya ukungu bila miguu. Wenzangu wakaanza kupiga picha Kilimanjaro, kama inavyostahili.

Mimi nilikuwa naangalia mbele. Kule mwisho, mahali ambapo ramani ya darasani ilikuwa nyeupe, palikuwa na kivuli cha buluu, kirefu, chenye nundu mbili. Siwezi kuapa. Burundi alisema ni wingu. Msambaa alisema ameliona tangu utotoni na mawingu hayana tabia ya kurudi mahali pamoja. Nyumbani, tukiwa watoto juu ya kilima cha malisho, tulizoea kuangalia kusini na kuona kivuli cha namna hiyohiyo, na wakubwa walituambia ni Tanganyika. Hatukuuliza zaidi. Haikunijia kwamba kuna mtu huko, karibu na kopo la rangi, anatuangalia sisi.

Nikampigia mama.

"Mama, uko nje? Hebu angalia upande wa kusini. Niko juu ya mlima, nadhani naiona Taita."

"Saa hizi nakamua," akasema. Nilisikia maziwa yakigonga ndoo. "Hela nilizokutumia zilikuwa za kitabu."

"Ndiyo mama."

"Huko juu wanalima nini?"

"Viazi. Kabichi. Kila kitu kama kwetu."

Ndoo ikanyamaza kidogo. "Gunia la viazi ni pesa ngapi?"

Nikamuuliza Msambaa, akamuuliza bibi, bibi akataja bei na kueleza kwa kirefu habari ya lumbesa. Nikageuza kwa shilingi za Kenya kichwani, nikakosea, nikageuza tena. Chini barabarani basi la kurudi Lushoto lilikuwa linapiga honi ya mwisho, Burundi amekwisha kukimbia na kofia mpya ya sufu aliyopewa na bibi, na mama yangu, kwenye ule ukungu wa buluu, alikuwa bado ananiuliza kama ni gunia la kilo tisini au ni lile lenye kichwa.